Jalizi

Saa saba usiku, Maabela, kiyoyozi kinakohoa,
na faili la Mundhir la mwaka elfu mbili na tisa
limekubali kufunguka kwenye kompyuta yangu mpya,
likanisomea kama mwenye duka anayesoma daftari la madeni:
jalizi kumi na moja hazikupatikana.

Mistari ya ngoma ipo, nukta za kijani zimejipanga.
Nabonyeza. Kimya.
Nukta zinajua wakati wa kugonga,
hazijui zigonge nini.

Asubuhi nampigia. Siku hizi anauza matairi Sohar.
"Umelifungulia wapi?" "Kwenye Apple."
Akacheka, nyuma yake mtu anagonga rimu.
"Dada, zile zilikuwa VST za Windows,
biti thelathini na mbili. Hiyo yako inataka AU,
biti sitini na nne. Na studio za wakubwa kule Kurum
watakwambia AAX, au rudi kwenu."
"Lakini mwangwi si ni uleule?"
"Uleule, na fundi wake mmoja.
Unaikumbuka pasi ya mama, aliyokuja nayo toka Unguja?
Miguu ya duara, na ukuta wetu una matundu ya mraba.
Pasi nzima, umeme upo,
na baba akaenda kazini na dishdasha ya makunyanzi."

Baba alikata waya, akafunga kichwa kingine.
Nami nikatafuta daraja, wanavyoliita,
la kuvusha jalizi za zamani.
Likaanguka mara nne.
Ya tano kinanda kikalia sekunde mbili,
kama mtu aliyeamshwa akataja jina lisilo lake,
kisha skrini ikaganda.

Chini kabisa, mstari wa kumi na nne, hauna jalizi yoyote.
WAV tupu. Ameuita "takataka".

Chumba cha Ruwi. Feni.
Mundhir wa miaka kumi na tisa anajaribu maiki:
moja, mbili, moja.
Na mama, toka jikoni:
Njoo ule, mchuzi unapoa. Yalla, baba, sitakuita tena.

Haukuuliza mfumo. Haukudai namba ya leseni.

Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mwangwi,
nikataka kumpa mama ukumbi mkubwa.
Nikaurudisha.
Jiko lake lilikuwa dogo, mlango haufungiki vizuri.

Nimemtumia Mundhir mstari huo tu.
Ameusikiliza saa tatu, hakujibu.
Saa tisa alasiri akaandika:
ulikuwa mchuzi wa papa.