Kengele ya Kisnádas

Saa kumi alfajiri baba alikuwa jikoni akichemsha mahindi,
akayatia asali, vanila kiduchu,
akayaonja kwanza yeye, kama mpishi wa harusi.
"Kapi si mjinga," akasema. "Ana ulimi kumshinda mama yako."
Mama akamjibu kutoka chumbani, neno moja, kali.
Baba akaendelea kukoroga.
Nikadhani ni ile desturi yao.

Ziwa la Kisnádas si ziwa la kujivunia:
shimo walilochimba watu wa matofali, wakaliacha,
mvua zikalirithi.
Ukirusha jiwe kwa mkono wa kushoto, linafika ng'ambo.
Mipopla mitano, ubao wa kukalia, tangazo la ada
ambalo jua la Julai limelinyonya wino.
Lakini kapi wamo, wazee, wanene,
wanaotembea kule chini kama maaskofu.

Baba akasimika fito mbili,
kwenye kila ncha akabana kengele ndogo ya shaba.
Kapi la chuma juu ya ufito,
kapi wa nyama chini ya tope,
na kati yao uzi usioonekana.

Kisha kungoja.
Kungoja samaki si kama kungoja basi;
basi utalilaumu.
Joto likapanda mpaka kereng'ende wakatua wasiinuke,
maji yakawa na rangi ya chai iliyolala.
Tukala mkate, kitunguu, mafuta ya nguruwe yenye pilipili nyekundu.
Nikamwuliza habari za mguu.
"Naam," akasema, "upepo wa kusini."
Nikamwuliza tena. Akanikatia kitunguu kingine.

Nikalala kivulini, kofia usoni.

Kilichoniamsha ni kengele.
Haikulia kwa kuonjaonja, kama wanapochokoza wadogo;
ililia kama mwenye nyumba anayevunjiwa mlango.
Baba alikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye ufito,
amenipa mgongo, anajimiminia kahawa, anapiga mluzi.
Kengele inalia, yeye anamimina.
Kengele inalia, yeye anakoroga sukari.
Nikaita, "Baba!"
Nikaita jina lake, Lőrinc, nisilolitamka maishani.
Ufito ukainama, ukachomoka, ukaenda zake majini
kama karani aliyeitwa na mkubwa wake.

Ndipo nikauelewa upepo wa kusini.

Sikuvua hata viatu.
Tope vuguvugu, matete, maji kifuani,
kisha mkono ukakamata mpini,
na upande wa pili kulikuwa na mtu.
Nikavuta, akavuta.
Nikampa uzi, akauchukua wote, akadai na riba.
Baba ukingoni, wavu kwapani,
ananielekeza kwa mikono, kushoto, taratibu, simama,
kama alivyoelekeza mabehewa miaka thelathini na mmoja
katikati ya vishindo vya chuma.

Kilo kumi na moja na robo.
Magamba makubwa, ya dhahabu iliyochakaa,
sarafu za ufalme ambao hauko tena.
Tukamlaza kwenye turubai tulilolilowesha,
tukampaka dawa pale ndoana ilipotoboa.
Mdomo wake ukafumbuka, ukafumba, ukafumbuka,
na baba akautazama mdomo ule kwa makini sana,
kama anavyoutazama wangu
tangu, sijui, Pasaka? Tangu mwaka juzi?

Tukamrudisha.
Alikaa kidogo kati ya viganja vya baba,
kisha akaondoka bila haraka, bila kuaga.
Ule ufito wa pili haukuguswa siku nzima.

Garini nilikalia gazeti, viatu vikitapika maji.
Baba aliongea akiitazama barabara:
"Niliisikia, Borka. Nilitaka kukuachia wewe."

Sikujibu mara moja.
Nikangoja tufike kwenye kivuko cha reli,
pale anaposimama hata kama treni haipo,
ageuke, aione midomo yangu.
"Najua," nikasema.