Maiti Wawili Wanapigiana Simu

Drateru, usiku ule nilikukuta wodini
umejikunja kama kamba iliyolowa,
muuguzi amesimama na kalamu, anauliza:
"Moja hadi kumi, ni ngapi?"
Ukanyamaza. Akaandika mbili.

Mimi nilikuwa nimekuja na chupa yangu ya maji
na kadi ya kujitolea, jina limeandikwa Mastula.
Nilitumwa nikutie moyo,
mwenye selimundu kwa mwenye selimundu mwenzake.
Sikuwa na moyo wa kugawa Jumanne ile;
nyonga yangu ya kushoto ilikuwa inasaga mahindi.
Nikavuta kiti tu. Nikakwambia:
mbili ni jino. Mbili ni kiatu kinachobana.
Hii yako ina nini ndani?

Ukafikiri, hata nikadhani umelala.
"Kuna mtu anapasua kuni ndani ya paja," ukasema.
"Na shoka lake butu."

Nikamwita muuguzi arudi. Andika hivyo, nikamwambia.
Andika shoka. Andika butu.

Adhabu ya kaburi, wanasema, aijuaye maiti.
Haya. Basi sisi ni maiti wawili
tunaopigiana simu saa nane za usiku,
wewe kule Ediofe, mimi huku Oli,
tukihesabiana vikombe vya maji.

Sijakufundisha mengi, na yote ni ya kifundi:
wingu likijikusanya upande wa Kongo
vaa soksi kabla halijavuka mpaka.
Dawa ya kijani si aibu.
Hospitali usiende umependeza sana,
watasema huumwi;
wala usiende umechakaa sana,
watasema subiri.
(Mimi nilishakwenda kwa njia zote mbili.
Nilisubiri kwa njia zote mbili.)
Shangazi akisema umerogwa
mpe chai, usimpe jibu.

Jina lako hatujawahi kulizungumza.
Mama yako alikuwa amezika wawili,
akakuita Anayengoja Kifo
ili kifo kisikie kimeshatajwa, kipite.
Sasa una miaka kumi na tisa
na unakingoja vibaya mno:
unasuka nywele, unadaiwa vocha,
umefeli hesabu mara mbili,
unampenda kijana wa duka la baiskeli
ambaye hajui kunyamaza.

Halafu Agosti, zamu yangu.
Baridi ya alfajiri ilinikamata nikianika nguo,
ndoo ikaenda upande wake, mimi upande wangu.
Nilizima simu.
Mshauri gani huyu, nilijiambia,
anayelia huku ameuma pembe ya kanga?

Ukaja kwa bodaboda, ukapitia mlango wa jikoni.
Hukusema pole.
Nakushukuru kwa pole ile uliyoimeza;
nilikuwa nimejaa pole hadi kooni.
Ulivua viatu, ukakaa sakafuni, ukauliza:
"Ina nini ndani, Mastura?"

Na mimi, mwenye miaka thelathini na minane ya kuyajua haya,
nilikosa neno.
Shoka lilikuwa lako.
Jino ni la watu wote.

Ukangoja.
Kungoja unakujua wewe, umepewa pamoja na jina.
Kuku wa jirani wakaamka, wakagombana, wakanyamaza.
Mtu akapita barabarani akisukuma toroli,
gurudumu moja linalalamika,
nikalifuata hadi lilipopotea.

Ndipo nikasema: ni mlango wa bati.
Upepo unaupiga, unaupiga,
na mwenye nyumba hayupo.

Ukaandika kiganjani kwa kalamu ya buluu,
herufi zako zile mbaya,
ukanisogezea kikombe.
"Cha tatu," ukasema. "Bado vitano."