Baki

Kila Jumanne napanda kwa miguu
hadi nyumba ya mawe iliyozibwa madirisha.
Naacha viatu mlangoni, natua mkoba,
na Gjelosh, wa miaka kumi na minne,
huniuliza kwanza: barabarani kuna theluji?
Ndipo tunafungua daftari.

Ami yake aliua mtu kwenye ugomvi wa mfereji:
zamu ya maji, beleshi, jua la Agosti.
Mahakama ya Shkodra ikampa miaka kumi na sita.
Niliisoma hukumu, kurasa arobaini na moja,
imepigwa mhuri, ina tanbihi,
na mwishoni jaji kaandika: shauri limefungwa.

Limefungwa.
Siku ileile Prenda, mama yake Gjelosh,
naye akafunga mlango.

Maana huku milimani ipo kanuni nyingine,
haina karatasi, haina rufaa.
Yasema: serikali imechukua chake,
sisi hatujachukua chetu.
Aliye gerezani hafikiki,
basi damu ifuatwe kwa wa karibu yake, mwanamume.
Mtoto haguswi, wasema, hadi bega lake limudu bunduki.
Mwaka juzi alikuwa salama.
Mwaka huu mabega yanachana mashati.

Padri Zef huleta unga, sukari, na habari.
Kila Kwaresima hushuka nyumba ya pili,
hupiga magoti kwenye zulia lao,
huwaambia kisasi ni cha Mungu.
Wanamnyanyua kwa heshima, wanammiminia kahawa.
Mkubwa wao hujibu:
Kiwe cha Mungu, baba. Sisi twampunguzia kazi.

Mimi sisali.
Nilikua kanisa letu likiwa ukumbi wa mpira wa kikapu;
nilifundishwa kwamba sheria ndiyo nchi,
na nchi hiyohiyo ikampeleka baba yangu
miaka saba kwenye mgodi wa shaba
kwa kusema, foleni ya mkate ikiwa ndefu,
kwamba mkate wenyewe haujaiva.
Hivyo siwezi kumwambia Gjelosh: amini mahakama.
Siwezi kumwambia: amini mbingu.
Namwambia: onyesha njia, usiandike jibu tu.

Juzi akaonyesha njia.
Akachora mstari katikati ya ukurasa:

Deni: mtu mmoja.
Serikali imelipwa, miaka kumi na sita.
Mungu amelipwa, ami ameungama, padri kamwondolea.
Sasa, mwalimu, kilichobaki ni nini?
Na kwa nini kina umri wangu?

Nikachonga penseli
ambayo tayari ilikuwa na ncha.

Ijumaa nikamkuta Dila sokoni,
mama wa marehemu, kitambaa cheusi, akipima matufaha
kwa kiganja, haiamini mizani ya mtu.
Sikutaka anione. Akaniona.
Yule mtoto, akasema, mmefika wapi?
Kwenye kugawanya, nikasema.
Akanyamaza muda wa kupita mkokoteni.
Wetu hawakujua kugawanya, akasema,
maji yale yangetosha hata bata.
Akatia matufaha kwenye mkoba wangu
bila kusema ni ya nani,
akaondoka, hata chenji hakuchukua.

Nimeyabeba kilima kizima
nikijiuliza kama nabeba msamaha
au kipimo cha kujua kama mlango hufunguka.

Yalikuwa saba. Gjelosh akayapanga mezani:
mawili yangu, mawili ya mama, mawili yake,
moja baki.
Hilo tunaliandika wapi? akauliza.

Prenda akauliza yametoka kwa nani.
Nikasema.
Akafuta mikono, akaenda kukagua komeo,
akalishika muda mrefu, nikisikia pumzi yake.
Kisha akarudi na kisu,
akalimenya lile la saba
taratibu, ganda moja refu lisilokatika,
na hakuna kati yetu
aliyeinua macho.