Yoyo ya Elfu Thelathini na Nane

Nimeipima kwanza kwa kalipa, kazi ni kazi:
milimita hamsini na tano na nusu,
kushoto na kulia sawasawa,
au tofauti yake ni ndogo kuliko jicho la kalipa hii
iliyozeeka nami hapa Pasua, karakana ya kukereza vyuma.
Mwili ni alumini. Ukingoni, kila upande,
pete ya chuma kisichoshika kutu.

Elfu thelathini na nane. Elinazi aliyeniuzia
aliapa kwa bibi yake wa Machame
kwamba za Ulaya zinafika laki tatu na hazina la ziada.
Nikampa thelathini na nne,
nne nikabaki nadaiwa.

Ugumu wa kazi hii naujua.
Mwaka ule shaba ilipokuwa rahisi nilijaribu mwenyewe:
nikaichoma pete, kiini nikakitumbukiza kwenye barafu
ya muuza samaki wa Mbuyuni,
nikavivisha, kimoja juu ya kingine, kabla joto halijatoroka.
Vilishikana. Lakini yoyo ilitetemeka
kama mtu anayezunguka maneno kabla ya kukuomba mkopo.
Unene wa unywele mmoja upande mmoja,
na kizunguko kizima kinalalamika.
Pete ile sasa ni bushi kwenye mashine ya kusaga ya Mama Nakunda.

Jumatatu umeme ulikatika saa nne.
Mashine ikanyamaza, nikatoka mlangoni.
Niliirusha. Ikashuka, ikalala mwisho wa uzi,
kule kulala kwa pia: kuzunguka
mpaka uonekane umesimama.
Ng'ambo ya barabara walikuwa wakishusha mahindi.
Nikahesabu magunia. Kumi na moja,
na bado imelala.

Nikaivuta. Haikuja.
Nikaivuta tena, kwa hasira ya mteja.
Haikuja.
Elinazi alikuwa amenionya: hii haiitwi kwa kuvutwa.
Uukunje uzi, uutie kitanzi kando ya beringi,
ndipo inapanda mkononi kwa mlio mmoja,
kama iliyokuwa ikingoja kuulizwa vizuri.
Siku mbili ilinigonga vifundo.
Kidole cha kati bado kina weusi.

Kasoro nizitaje, maana sikulipwa kusifu.
Beringi ilikuja kavu, inalia kama nyenje;
nikaiosha kwa petroli, nikaipa tone moja la mafuta ya cherehani.
Rangi, wenyewe wanaiita zambarau, inatoka.
Uzi ni wa kutupa, nunua mwingine.
Alhamisi iligonga zege, na sasa ina kovu
linalokwaruza gumba kila nikiikamata.
Na ukiugusisha ukucha ukingoni inapozunguka
utausikia mtetemo, mdogo,
wa paka anayekoroma chumba cha pili.
Kwenye uzi huusikii.

Uzito uko pembeni. Hapo ndipo pesa ilipokwenda:
chepesi ndani, kizito nje,
na kilicho mbali na kiini ndicho kinachoushikilia mwendo.
Usinisukume nitamke neno ndoa hapo.
Mke wangu yuko Dodoma mwaka wa tatu, uhamisho wa kazi,
na mimi nimesema habari ya uzito tu.

Baada ya kovu ndipo nilipoanza kuicheza kweli.
Kabla ya hapo niliifunga kwenye kitambaa cha miwani,
nikaipeleka benchi kama mgeni.
Sasa inakaa mfukoni na funguo, na vinyweleo vya chuma,
na risiti ya luku,
na mkono unaifikia bila kuuliza kichwa.

Jumamosi Elinazi akaja kudai nne yake.
Vipi, fundi?
Nikamwambia: inatetemeka. Rangi mbovu. Uzi haufai.
Akanyoosha mkono aichukue.

Nikamlipa.