Daftari la Risasi

Kila risasi nimeiandika daftarini:
tarehe, saa, sahihi ya mwenye kuitwaa.
Wino wa buluu kwa inayotoka,
mwekundu kwa isiyorudi.

Leo ni kiboko. Simu imepigwa kutoka Sabaki:
yumo ndani ya mahindi ya Mama Nyevu,
anakula taratibu, kama mkwe aliyealikwa.

Koplo Tsofa kaingia na matope magotini.
"Nipe zile nzito, za nyati."

Ngoja, Tsofa. Tupime.

Hii kichwa chake kigumu, haipanuki;
hupasua ngozi, hupasua mfupa, husonga mbele.
Na mbele ya mahindi kuna nyumba ya makuti,
na makuti hayajawahi kuzuia kitu.

Hii ncha yake laini, huchanua ikigusa.
Ya swara hii. Kiboko utamtia donda tu,
arudi mtoni nalo, alilee,
na alfajiri watoto washuke na madumu.

Marisau? Hayo ni ya ngedere.

Baba yangu alikuwa na gobori, kule Kakuyuni.
Goroli zilimwishia, akashindilia misumari.
"Chuma ni chuma," alisema,
akafyatua.
Tangu siku ile dukani
alihesabia vidole hadi tisa, kisha akanyamaza,
na muuza duka akajifanya anapanga sabuni.

Nikainama rafu ya chini, kwenye bati la biskuti:
zisizo na kichwa. Baruti na kishindo, basi.
Tsofa akacheka. "Hizi za harusini!"
Nikampa sita. Nikaongeza nzito mbili,
nikamshika mkono kabla hajaifunga ngumi:
"Hizi mbili ni za roho yako.
Si za mahindi."
Akatia sahihi, kakosea na tarehe.

Saa tisa usiku upepo ulinielekea.
Moja. Mbili. Kimya kirefu. Tatu, nne, tano.
Sita.
Nikakaa na kalamu nyekundu mkononi
nikiisikiliza ya saba.

Alirudi jua likichomoza.
Maganda sita matupu, yananuka kiberiti,
na zile mbili, nzima,
zina joto la mfuko wa suruali.

Mama Nyevu naye alikuwa nyuma yake,
kashika bua lililotafunwa.
"Nusu shamba," akasema. "Liandike na hili."

Nikafunua daftari, nikatafuta safu.
Hakuna safu ya mahindi.
Nikaandika pembeni, kwa penseli.