Daftari la Ijumaa

Kila Ijumaa baada ya sala, hapa Mwandoni,
kasha la sadaka huletwa barazani pa madrasa.
Nami hufuta miwani kwa upindo wa leso
nikaanza kazi niliyopewa mwaka wa pili wa ujane wangu:
kuhesabu.

Sarafu kwanza. Za kumi kumi nazipanga mfano wa minara.
Noti zilizokunjwa hata zikawa kama hirizi
nazinyoosha juu ya paja, moja moja.
Siku moja mlikuwa na kifungo cha shati.
Nikakiandika: kifungo, kimoja, cheupe.
Katibu akacheka.
Nikamwambia, Mwinyihaji,
aliyetia kifungo asije akatudai mbele ya Mola
tukakosa pa kuonyesha.

Kurasa za kushoto ni za skuli.
Za kulia ni za biashara.
Ndivyo kamati ilivyoamua, na mimi nafuata,
ila karatasi ni nyepesi na wino wapenya.

Madawati thelathini ya darasa la nne
yametoka kwa Kazungu seremala,
aliyenunua randa na msumeno kwa mkopo wetu usio na riba.
Kazungu ni mtu wa kanisani. Siku ya kutia sahihi
alisimama mlangoni, viatu mkononi,
akauliza kama kuna shida.
Imamu akasema, shida ni kuwa
skuli yafunguliwa Jumatatu.

Sare hushonwa na Riziki.
Cherehani yake ni ukurasa wa kumi na nne, mstari wa tatu,
bado shilingi mia nane.
Mwanawe yuko darasa la nne.
Huvaa mshono wa mamake, hukalia mbao za Kazungu,
na saa nne hunywa uji wa Bi Tima,
ambaye unga wa Kongowea
alianza kuununua kwa gunia
baada ya sisi kumdhamini.
Sasa huyo mtoto nimwandike wapi?

Sitasema yote yamekuwa mema.
Shekue alichukua elfu ishirini, akafungua duka la simu,
mwezi wa tano akahama usiku,
mlango hata hakuurudisha.
Kamati ikasema, piga mstari.
Sikupiga.
Maana mwezi uliofuata alikuja mamake, Bi Amria,
akafungua fundo la leso, akatoa mia moja.
Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyemdai.
Namwandikia risiti, huikunja,
huirudisha fundoni pale pale ilipotoka noti.

Nimepiga hesabu: mia moja kila mwezi
ni miaka kumi na sita na miezi minane.
Bi Amria ana miaka sabini na mmoja.
Sikumwambia.
Nadhani ajua.

Walikuja wageni wa ofisi moja ya mjini, vijana wazuri,
wakataka idadi ya walionufaika.
Nikawapa: mia mbili na kumi na wawili.
Wakaniuliza, una uhakika?
Nikasema hapana.
Hawakuiandika hiyo.

Juzi, siku ya kufungua muhula,
mtoto mmoja alipita hapa barazani
ameishika kola yake kwa vidole viwili
kama aliyebeba kitu cha kumwagika.
Nikamwita. Nikamwambia aachilie.
Shati likafunguka hadi kifuani,
akainamisha uso.

Nikafungua saraka. Kilikuwa bado kipo,
ndani ya kiberiti kitupu.
Riziki akakishona akiwa amesimama, uzi mdomoni,
mtoto akitazama mbali kama wagangwao jino.
Kisha Riziki akanigeukia, kiganja wazi:
shilingi kumi, uzi si wa bure.

Nikampa. Akazihesabu.
Mtoto akatimka, kengele ishalia,
nami nikavuta daftari nikaandika
kifungo kushoto,
uzi kulia.