Sahani Zimeshushwa Chicago

Sahani zimeshushwa Chicago.
Hivyo ndivyo alivyosema Cleotha Purifoy, mhudumu wa behewa,
kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba wa jirani:
si wake hasa, ila amekwisha kulia.
Miaka thelathini na mmoja amebeba mayai ya kukaanga
kwa mkono mmoja, treni ikikata kona,
na hajapata kumwaga kahawa
ila siku moja, karibu na Minot,
na siku hiyo, anasema, mwenye kosa ni ng'ombe.

Sasa amebeba maboksi.
Boksi la karatasi, kifuniko cha plastiki,
ndani kuku aliyekufa mara mbili:
kwanza kwa kisu, halafu kwa maikrowevu.

Arvid Sundquist, mkulima wa ngano, themanini na moja,
alikifungua kifuniko, akakifunga,
akakifungua tena
kama aliyeagana na muujiza.
"Nimelima ngano maisha yangu yote," akasema,
"lakini mkate huu simjui baba yake."

Mama wa chumba namba saba
aliandika malalamiko kurasa nne,
akaomba kalamu nyingine, akaendelea.
Mwanafunzi aliyepandia Fargo akasema chakula ni chakula,
akala lake, akala na la mwenzake aliyesusa.
Mtoto Juniper alifurahi kuliko wote:
boksi lilimtosha kichwani.

Mimi nilinyamaza.
Kila Februari naenda Spokane kwa dada yangu,
na tusidanganyane, nyama yao ilikuwa ngumu,
supu yao chumvi tupu, na kitambaa cha meza
kilijua mchuzi wa tangu majira ya joto.
Nilichopenda mimi ni kukalishwa.
Anakuja Cleotha, anakutazama, anahesabu:
wewe, wewe, na nyinyi wawili, meza ya nne.
Huulizwi.
Mara uko goti kwa goti na watu usiowajua,
kichupa cha chumvi kinateleza kutoka kwako kwenda kwao,
na keki haijafika
umeshajua nani ameachwa, nani anakwenda kuzika,
nani ana mapacha, mmoja askari, mmoja kifungoni.
Mwaka aliofariki Walter wangu
daktari wa mifugo kutoka Havre
alinimegea nusu ya keki yake, akatazama dirishani
ili nilie vizuri.
Jina lake silijui hadi leo.

Boksi unapokea mlangoni, kama dawa.
Unavuta pazia.
Unasikia jirani anatafuna,
na yeye anakusikia.

Usiku, Montana ikiwa nyeupe kila upande,
nikatoka kunyoosha miguu.
Behewa la chakula taa zinawaka, meza zi uchi,
na kwenye kona Enos na Lovina Hostetler, Waamishi,
wamefungua kikapu:
mkate, soseji, siagi ya tufaha, yai la kuchemsha
lililofungwa kwenye soksi safi ili lisipoe.
Arvid amesimama karibu nao, anasoma ilani ya dharura,
anaisoma sana.

Cleotha akaingia.
Kanuni ni kanuni, akasema, na akaisoma kwa sauti:
vyakula vya nje haviruhusiwi katika behewa hili.
Akaikunja. Akaitia mfukoni.
Akatutazama mmoja mmoja,
midomo ikicheza bila sauti.
"Wewe. Wewe. Na nyinyi wawili. Meza ya nne."

Mkate ulikuwa mgumu kidogo pembeni.
Arvid alitafuna taratibu, akasema, "Huyu namjua."
Chumvi haikuwepo.
Mama wa chumba saba alichungulia, kalamu mkononi,
akauliza kama kuna nafasi; tulisogea;
barua yake ilifika ukurasa wa sita na siagi juu yake.

Ni Lovina aliyemuuliza Cleotha,
"Na wewe, nani hukukalisha?"

Akacheka. Akatazama saa. Akatazama mlango.
Kisha akaketi ukingoni mwa kiti, nusu tu ya mwili,
kama mgeni anayengoja kunyanyuliwa,
na mikono yake, isiyo na cha kubeba,
hakujua aiweke wapi.